Bei Uliyowawekea Watu wa Kwetu

Chennai, India
Jumapili, baada ya zamu

Ndugu yangu Kiprono,

Chamgei. Najua ni Mama anayekusomea haya, kwa hivyo chamgei nawe Mama, na Baba kama uko hapo karibu na moto, sogea zaidi, kwa sababu hii barua ina mahali pako. Natumaini mmeamka salama nyote. Goti la Kogo, nyanya yetu, linaendeleaje na hiyo baridi? Ile ng'ombe nyeusi ilizaa? Nasikia mvua huko Olenguruone haijakatika na barabara ya kupeleka maziwa imekuwa uji mtupu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, joto la hapa linanichoma lakini bado sijafa. Hizo ndizo salamu, na nimezimaliza kwa adabu ili mtu asije akasema nilianza kugomba kabla ya kusalimia.

Sasa nagomba.

Rono, nimekupigia simu mpaka kidole kikachoka. Na hata ungeshika, nakujua: nikianza tu kupandisha sauti, unasema netwaki imepotea. Ndiyo maana nimeandika kwa karatasi, nitapiga picha nimtumie Mama, naye asome kwa sauti hadi mwisho. Karatasi haina netwaki ya kupotea. Na Mama, nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Miaka yote hii umekaa huko mlimani na Kipsigis chako bado ni cha sokoni, na sitaki Baba awe ndiye wa kukutafsiria, maana huruka mahali pasipomfaa. Wewe usiruke hata neno.

Mnajua nilikuja huku kusomea ufamasia, na nilipomaliza hospitali ikaniajiri niwe mkalimani wa wagonjwa wanaotoka kwetu. Mkisikia hivyo mnafikiri ni kazi ya kukaa kitini na kugeuza maneno. Siyo. Mgonjwa ametoka Molo au Mwanza, hajui mtu hapa, Kiingereza cha daktari hakimwingii, ameuza kipande cha shamba, na kila kinachofika masikioni mwake kimepita kwanza mdomoni mwangu. Nikisema daktari anataka kuangalia hapa, anafungua shati. Nikisema meza hii, anameza. Hana kitu kingine cha kushika isipokuwa neno langu. Na wako watu katika kazi hii, nasema bila kuwafichia, wanaoongeza kidogo juu ya kila bei na kutia mfukoni. Wagonjwa wanalijua hilo. Kwa hivyo mkalimani hupimwa kila siku, na siku mgonjwa akikupima akute umepungua, umekwisha kwake.

Sasa nimepewa mzee mmoja wa upande wetu, wa Keringet, anaitwa Mzee Bett. Msianze kuulizana ni Bett yupi. Ni wa ng'ombe. Maisha yake yote amenunua ng'ombe na kuuza, soko hili hadi lile, hata hapo kwetu amefika mara nyingi. Mlango mmoja wa moyo wake umechoka, haufungi vizuri, na dawa zimeshindwa. Ni lazima apasuliwe kifua. Mtoto wa ndugu yake aliyemsindikiza alirudi nyumbani ruhusa yake ya kazi ilipokwisha, mzee akabaki na mimi. Alikuwa hasemi. Nikimuuliza umelalaje, ananijibu kwa nyusi. Chakula anasukuma. Daktari akaanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu mtu asiyekula hana nguvu ya kupasuliwa.

Hapo ndipo mchezo wako wa kompyuta, ule uliotengeneza mwenyewe, unaingia, Rono, na kabla sijakusema vibaya acha nikusifu, kwa sababu sifa unastahili na hasira yangu haitaki kukudhulumu. Siku moja nilikuwa kando ya kitanda chake nikimngoja daktari, nikafungua kompyuta yangu nikaanza kucheza Lori Haijaenda. Ile wodi haina intaneti kabisa, kuta zake ni nene. Mchezo mwingine wowote ungeniuliza wewe ni nani, ingia kwanza, thibitisha kwanza kwamba ulinunua. Wako ulifunguka tu. Niliulipia dukani mara moja, nikapakua faili, nikaiweka kwa flashi, na tangu siku hiyo ni yangu kama sufuria yangu. Nakumbuka vile ulivyochagua duka hilo la michezo isiyofungwa kufuli. Ulikuwa unamweleza Baba kwamba maduka mengine humfuata mnunuzi hadi nyumbani kuhakikisha kila anapofungua, na Baba akakuuliza, "Mtu akinunua ndama wangu, mimi hushinda kwake jioni nikiangalia vile amemfunga?" Ukamaliza kufikiria hapo hapo. Baba, kwa hilo ulikuwa na akili na nakushukuru. Shukrani zako zinaishia hapo.

Basi nikaendesha yule punda wako na mitungi yake, tope hadi magotini, nikikimbizana na lori ya maziwa isiniache. Mnajua ule mchezo ulivyo: usipomsalimia mtu njiani, punda akikwama hakuna anayekuja kusukuma. Watu wa Ulaya wameandika chini ya ukurasa wa duka kwamba salamu ni nyingi mno. Waache waandike, hawajawahi kukwama. Nikafika kona ya kwanza, mahali ulipomweka Kogo, na sauti yake ikatoka, ile ile uliyorekodi jikoni kuku wakilia nyuma: "Chamgei, mtoto wangu. Umekunywa chai?"

Mzee Bett, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu mtoto wa ndugu yake aondoke, akajibu. "Chamgei mising," akasema, akiwa bado anatazama dari. Kisha akageuza kichwa polepole.

"Huyo mama ni wa wapi?"

"Ni wa kwetu, Mzee. Ni mchezo tu wa kompyuta."

"Mwambie arudie."

Nikamrudishia. Akajibu tena, sauti ikiwa na nguvu kidogo. Mwishowe akataka ashike mwenyewe. Vidole vyake vimezoea kamba za ng'ombe, vilikuwa vinabonyeza kila kitu kwa pamoja, na punda akakwama topeni kwa sababu mzee alimpita kijana wa boda bila salamu. Akakasirika. Akasema, "Lakini huyo ni kijana, si yeye ndiye anafaa kunisalimia kwanza?" Nikacheka mpaka nikashika kitanda. Siku hiyo alikula wali wote na akauliza kama kuna mwingine. Rono, ulifanya kitu ambacho madaktari na mimi tulishindwa kufanya. Nilijivunia mpaka nikataka kusimama katikati ya wodi nitangaze.

Kesho yake akaniuliza ni pesa ngapi. Ana binti, Mercy, ni mwalimu Nakuru mjini na ana kompyuta. Alisema siku hizi Mercy akimpigia anaanza na "sasa, Dad" halafu anaingia moja kwa moja kwa mambo, na yeye alitaka asikie mtu anavyosalimiwa. Sasa, kazini tumekatazwa kabisa kuwauzia wagonjwa kitu chochote chetu au cha jamaa zetu. Kwa hivyo sikusema mwenye mchezo ni ndugu yangu. Nilimwambia nilichokijua: nililipa kwa rupia, na kwa pesa za nyumbani ni kama shilingi mia nne. Tena nikaongeza, kwa uhakika wa mjinga, kwamba Kenya labda ni chini ya hapo, kwa sababu mchezo wenyewe umetengenezwa kwetu.

Mzee akampigia Mercy, akamtajia jina la mchezo na la duka. Jioni Mercy akapiga simu, na mzee akaweka spika kwa sababu sikio moja halisikii vizuri.

"Dad, hiyo game nimeiona. Lakini ni dola kumi na mbili. Hiyo ni zaidi ya one thousand five hundred."

Mzee akanitazama. Nilikuwa nimeshika glasi yake ya maji na sikujua pa kuiweka.

"Ulisema mia nne," akaniambia.

"Ndiyo, Mzee. Hiyo ndiyo nililipa mimi."

"Mwalimu anaona elfu moja na mia tano. Na ni mwalimu, anajua kusoma."

"Labda kuna makosa kwa duka."

"Duka." Akazima simu, akaiweka chini ya mto. "Msichana, mimi nimefanya biashara ya ng'ombe tangu kabla baba yako aoe. Mtu humjui kwa sura. Unamjua kwa bei anakutajia. Kama kwa kitu ya kuchezea umenidanganya hivi, hii ya kunipasua kifua umeniambia ukweli gani?"

Daktari alikuja asubuhi na karatasi ya kukubali kupasuliwa, nikasimama mahali pangu, nikatafsiri kila neno, na mzee akawa anatazama ukuta. Nilipomaliza akasema, "Leta mwingine." Hayupo mwingine. Mwenzangu wa Kiswahili amejifungua juzi, yuko nyumbani kwake. Daktari akaniuliza tatizo ni nini, kama mgonjwa anaogopa. Ningemwambia nini? Kwamba haogopi kisu, ananiogopa mimi? Akaniambia nimweleze mzee kwamba moyo huo haungoji mtu aamue, kila siku unazidi kuchoka. Nikamweleza. Mzee akasema kwa utaratibu, kama mtu anayekataa ng'ombe mwenye kasoro, "Hivyo ndivyo broka husema. Nunua leo, kesho haiko."

Mama, nilienda kulia chooni. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, mpaka mfagizi akagonga kuuliza kama niko sawa. Nimefanya kazi hii kwa mikono safi. Wagonjwa wamenipa bahasha nikazirudisha. Halafu mzee wa kutoka mlima wetu mwenyewe anaelekea kufa kwa sababu ya bei ya punda.

Nikaona niitafute hiyo bei ilikotoka. Nilimpigia Mercy mwenyewe akanitumia picha ya ukurasa, na kweli ilikuwa dola kumi na mbili. Mwenzangu mmoja wa kazini ana dada Marekani, akamuuliza anaona ngapi huko. Dola tisa. Marekani tisa, India kama tatu, Kenya kumi na mbili. Nikaona moto. Nikasema, hawa watu wa maduka ya intaneti ni wale wale tuliozoea. Chai yetu inaondoka kwa bei ya kutupa, maua ya Naivasha yanaondoka, pareto iliondoka mpaka ikaisha, halafu punda wa Olenguruone anarudishwa Olenguruone kwa bei ya juu kuliko ya Marekani. Nikasema wametutia kwenye kapu moja la "nchi nyinginezo" na wakaandika bei wakiwa wamefumba macho. Nilifungua sehemu ya malalamiko na nikawaandikia yote hayo. Sikusalimia hata kidogo.

Kijana wa huduma akanijibu, kwa ule upole unaozidi kukera. Akasema duka hupendekeza bei ya kila nchi kulingana na hali ya maisha ya watu wake, na mwenye mchezo hukubali au hubadilisha. Kwa India, mwenye mchezo alikubali. Kwa Kenya duka lilikuwa limependekeza bei ya chini kama ya India, na mwenye mchezo akaibadilisha kwa mkono wake. Pengine ningependa kumuuliza mwenye mchezo.

Mwenye mchezo, Rono. Hukushika simu. Nikampigia Mama, naye akakufuata hadi unapokamua, na mimi nikiwa kwenye simu nikakusikia kwa masikio yangu ukijibu bila aibu, "Si Wakenya lazima wabargain? Nimeweka nafasi. Wakisema punguza, napunguza. Baba ndiye aliniambia." Na nikamsikia Baba akikohoa kando, halafu akatoa ile falsafa yake ya kando ya barabara: "Bei ya kwanza ni salamu tu. Ukitaja ya mwisho mwanzoni, mteja ataenda na viazi, na gunia, na heshima yako."

Nilikata simu. Mama, nisamehe, haikuwa wewe.

Baba, sikiliza. Kwa viazi uko sahihi, na sikufundishi kazi yako. Mteja anashuka garini, anasema hizi ni za dhahabu ama nini, wewe unamwambia mathe sema yako, anasema, unashika kichwa, anajifanya anaondoka, unamwita, mnakutana katikati, unamrushia viazi vya nyongeza, na kila mmoja anaenda nyumbani akijua ameshinda. Ni haki na ni heshima pia. Lakini duka la intaneti halina mdomo. Mtu wa Nakuru anafungua ukurasa, anakuta dola kumi na mbili, na hakuna mahali pa kusema "boss, wacha hizo." Hakuna wa kumtazama usoni. Hawezi hata kujifanya anaondoka, kwa sababu akiondoka ameondoka kweli. Ulimfundisha kijana wako kuweka nafasi ya kubishana mahali ambapo hakuna wa kubishana naye.

Na wewe Rono usijifiche nyuma ya Baba, una akili zako. Uliniandikia juzi juzi malalamiko marefu kwamba watu wetu hawathamini kazi ya mtu wao. Kwamba watu wa India wananunua kuliko majirani waliokuona ukikua. Kwamba umechoka, utaufuta mchezo wote uteremke Karagita, Naivasha, ukatafute kazi ya kufunga maua kama wengine. Nilikuhurumia. Nililaani majirani pamoja nawe, na sasa nataka kuwaomba radhi mmoja mmoja. Mtu wa India, ambaye hajawahi kuona tope la Mau, ulimpa bei yako ya mwisho bila hata kuombwa. Jirani yako ukampa salamu ya elfu moja na mia tano, halafu ukakaa ndani ukingoja abishe hodi akubembeleze. Walikuwa wanangoja nje. Walidhani umewafungia.

Duka nalo sijalisamehe lote. Niliwaandikia tena nikaomba radhi, kwa maneno machache, kwa sababu ukali wangu ulikuwa umekwenda kwa mtu asiye na hatia. Lakini nikawauliza, kama mnajua hali ya Wakenya mpaka mnapendekeza bei yao, mbona hamjui kwamba Mkenya hulipa kwa simu? Mnamtaka mwalimu wa Nakuru atafute kadi ya benki na dola ndipo amnunue punda wa shilingi? Yule kijana akasema atapeleka maoni yangu. Najua mahali maoni hupelekwa.

Turudi kwa mzee. Nilikaa siku nzima nikijiuliza nifanye nini, na jana nikafanya nilichokatazwa. Nilivuta kiti hadi karibu na sikio lake zima.

"Mzee, nina neno. Ule mchezo ni wa ndugu yangu. Yule mama wa chai ni kogo yangu, amezaa baba yangu. Sikukuambia kwa sababu kazini wangenifuta, na bado wanaweza kunifuta ukiwaambia."

Hakugeuka. "Na bei?"

Nikamweleza. Kwamba India ulikubali bei ya duka, na Kenya ukaipandisha mwenyewe, ukijua watu wa kwetu hawakubali bei ya kwanza, uwe na mahali pa kushukia. Niliona aibu kuyasema. Yaliposikika kwa sauti yalikuwa ya kijinga kuliko kichwani.

Mzee akageuza kichwa. "Nani alimfundisha hiyo?"

"Baba."

"Baba yako anauza nini?"

"Viazi, kando ya barabara."

"Ahaa," akasema. "Watu wa viazi."

Akaanza kucheka. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, halafu kifua kikaingia, ile mashine ya kando ikaanza kulia na nesi akaja mbio. Nikamwambia nesi ni kicheko tu. Hakuniamini mpaka alipomshika mkono mwenyewe.

"Kwa hivyo hiyo elfu moja na mia tano haikuwa bei," mzee akasema alipopata pumzi.

"Haikuwa, Mzee."

"Ilikuwa inaningoja niseme yangu. Na mwalimu wangu akafunga tu akaenda. Hawa watoto wa shule hawajui kununua." Akapangusa macho. "Na wewe hukudanganya. Ulikosea kitu moja, ulinitajia bei ya mtu mwingine. Mtu hataji bei ya mtu mwingine. Sasa mwambie huyo ndugu yako nampa mia mbili."

"Mzee, hata duka lenyewe linasema karibu mia nne, na yeye ametumia miaka..."

"Wewe ni mkalimani ama ni broka?"

"Ni mkalimani."

"Basi peleka maneno vile nimesema."

Rono, sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Kisha akaomba karatasi ya daktari. Akataka nimsomee upya tangu juu. Nikamsomea yote, pamoja na mabaya yote yanayoweza kutokea mtu akipasuliwa kifua katika umri wake, na sikuruka hata moja. Alisikiliza macho yakiwa kwangu, si ukutani. Akauliza kama daktari mwenyewe atakuwepo au atatuma wanafunzi. Nikamuuliza daktari, nikaleta jibu. Akatia sahihi. Watampeleka Alhamisi asubuhi.

Kwa hivyo kazi yako ni hii, na Mama atasimama hapo hadi uifanye. Panda hadi ile kona ya kanisa penye netwaki, ingia dukani, urudishe bei ya Kenya pale duka lilipopendekeza. Leo, si kesho. Halafu utembee, kwa miguu, upite kwa majirani uliowasema, na uwaambie bei imeshuka. Usianze na bei, salimia kwanza, ulitengeneza mchezo mzima kuhusu hilo. Na mambo ya Karagita sitaki kuyasikia tena. Maua yana watu wake.

Nisalimie Kogo, mwambie sauti yake imevuka bahari na imemlisha mtu wali, ataelewa. Nisalimie shangazi wa duka la nguo, na yule jirani yetu wa boda anayenunulia Mama unga, mwambie yumo kwenye mchezo na kuna mzee huku amegombana naye. Nisalimie mama mchungaji, aniweke kwenye maombi ya Jumatano usiku, mimi na mtu ambaye hamjui. Baba, pokea salamu zako pia. Nimekasirika na wewe lakini nimekukumbuka, na viazi vya huku havina ladha hata kidogo.

Salamu za mwisho si zangu. Mchana nilimwambia Mzee Bett kwamba nakuandikia, na kwamba nitakuomba umwachie mchezo kwa hizo mia mbili, au hata umpe bure, iwe baraka ya kuingia nayo Alhamisi. Alikasirika kuliko siku ile ya Mercy. Anasema ukimpa bure atajua daktari amekuambia jambo ambalo yeye hajaambiwa. Anasema ukatae. Ukatae kabisa, useme mia mbili ni matusi, utaje yako. Lakini usitume jibu kabla ya Alhamisi jioni, kwa sababu anataka akifungua macho akute bado hamjaelewana.

Ni mimi dada yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Chelangat